Unauza Subaru ya mbio? Anza na logibuku, picha baadaye

Subaru Impreza GC8 ni gari ambalo vijana wa Kampala wote wanalipiga picha na karibu hakuna anayelinunua. Ukitangaza unauza, simu zitakuwa nyingi. "Bosi, bei ya mwisho?" Hata hajauliza gari liko wapi. Wengi ni madalali wanaotafuta cha juu, na wengine wanataka tu wapakiwe wasikie turbo ikipuliza. Mnunuzi mwenyewe ni mmoja au wawili, na huenda sura yake unaijua tayari, mmeshaonana kwenye uwanja wa mbio wa Busiika mkiwa mmejaa vumbi wote wawili. Mimi yangu niliiuza kwa mtu wa aina hiyo, kwa hiyo haya ninayoyasema yanamhusu yeye. Wale wa simu waache waendelee kupiga.

Kabla ya picha, kabla ya kuosha gari, toa logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari, uisome. Haya magari yametengenezwa kati ya 1992 na 2000, na mengi yaliyobaki hapa yameshabadilishwa injini. Injini yake ya EJ20 ikiua beringi za kranki, fundi anashuka soko la spea la Kisekka, anarudi na nyingine, gari linanguruma tena na watu wanasahau. Logibuku haisahau. Namba iliyoandikwa mle bado ni ya injini iliyokufa. Rangi ni hivyo hivyo: limeingia nchini jeupe, sasa ni la bluu na rimu za dhahabu kwa sababu ya dereva Colin McRae na mbio za Safari Rally za 1997, lakini kwenye karatasi bado ni jeupe. Rekebisha hayo kwanza. Mnunuzi makini atakuja na tochi, atafungua boneti, asome namba ya chesi kwenye ukuta wa nyuma ya injini, kisha ainame kutafuta ya injini juu ya bloku, pale inapokutana na giaboksi. Namba zikipishana, bei mnayozungumza inageuka kuwa ya spea.

Sasa pesa ulizotia. Hazirudi. Najua risiti unazo, najua shokapu zilitoka Japani, lakini hakuna anayekununulia historia yako ya matumizi. Kinachosaidia ni kuamua mapema unauza kitu gani. Kama gari bado lina viti vya nyuma na mwili haujachomelewa vyuma vya kinga, rudisha vifaa vya kiwandani ulivyoweka stoo (natumaini uliviweka), uza gari likiwa la kawaida, na vile vya mbio uviuze kimoja kimoja. Rimu zina mtu wake, viti vina mtu wake, shokapu zina mtu wake. Mimi kwa njia hiyo nilipata zaidi kuliko alivyokuwa tayari kuniongezea mnunuzi yeyote kwa gari zima. Ila usirudishe shokapu za zamani zilizokwisha ili tu useme "orijino". Na kama vyuma vya kinga vimechomelewa, basi hilo ni gari la mashindano, liuze hivyo hivyo lilivyo. Baba wa watoto watatu hatalinunua hata ulipake manukato.

Kuna wanaodai bei ya ajabu kwa sababu sheria ya 2018 ilizuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe. Ni kweli, GC8 nyingine haitashuka bandarini kuja kwetu. Lakini uhaba unalisaidia gari zima tu. Lenye kutu kwenye matao ya magurudumu ya nyuma linabaki lenye kutu, hata likiwa la mwisho Uganda. Watakupigia pia kutoka Nairobi. Muulize mapema anataka kulifanyia nini, maana Kenya haipokei kwa usajili gari la nje lililozidi miaka minane, na ukikubali akupotezee wiki mbili kwa mazungumzo ni hiari yako.

Siku ya kuja kuangalia, usiwashe injini kabla hawajafika. Mnunuzi wangu alikuja na fundi wake, mzee mmoja mkimya wa Ndeeba. Hata salamu hazijaisha, yule mzee akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kidogo, akaitikia kwa kichwa kumwambia mnunuzi kwamba ni baridi. Ndipo akasema, "Haya mwanangu, washa." Akasimama nyuma kwenye ekzosi kuangalia moshi, kisha akarudi mbele, akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Mtu kama huyo huwezi kumdanganya, na ukijaribu atakudharau mpaka bei ishuke.

Ndiyo maana napendekeza uwape majibu kabla ya maswali. Pima kompresheni ya silinda zote nne, waandikie namba. Zinatakiwa zikaribiane, moja ikiwa chini peke yake, kuna jambo. Sema wazi kwamba gari limekimbizwa. Anayejua Subaru anajua kona ndefu ya kasi huisukuma oili pembeni, pampu ikavuta hewa, na beringi ndizo zinazolipa, kwa hiyo mwambie ulikuwa unabadilisha oili lini na ya aina gani. Mwonyeshe belti ya taimingi ilibadilishwa kilomita ngapi zilizopita. Mwambie pia kompyuta ya injini ilirekebishwa kwa petroli ipi. Ile ya daraja la juu ya Japani hufika oktani 100, yetu haifiki hapo, na gari lililoletwa na mipangilio ya kule likikanyagwa kwa mafuta ya hapa huanza kugonga ndani mpaka pistoni zipasuke.

Kujaribu barabarani: unaendesha wewe kwanza, yeye anakaa pembeni. Oili ikishapata moto, mnabadilishana, tena baada ya kuwa ameshaonyesha pesa zipo. Barabara ya Entebbe ya kulipia inafaa kwa kusikiliza magurudumu na gia ya tano, lakini mwisho wake ni kilomita 100 kwa saa, na hilo mwambie kabla hajakaa kwenye usukani.

Malipo yafanyike benki, mkiwa wote dirishani, na funguo zibaki mfukoni mwako mpaka pesa zionekane kwenye akaunti yako. Mkataba uandikwe kwa mwanasheria: hali ya gari, kwamba limetumika kwenye mbio, kwamba mnunuzi amelikagua na fundi wake, tarehe, na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu. Huu mtindo wetu wa kumpa mtu fomu zilizosainiwa na kumwacha azunguke miaka mitatu kwa jina lako ni hatari, kwa sababu faini za trafiki zinafuata namba ya gari, na namba ya gari inafuata jina lililosajiliwa. Muwe na namba zenu za mlipakodi (TIN) wote wawili, mbadilishe umiliki kabla hajaondoka na gari.

Akikupigia baada ya mwezi kuuliza fundi gani anaielewa klachi ya gari hili, mwelekeze vizuri, hata mpeleke. Akipiga kudai pesa zake kwa sababu gia ya tatu imevunjika meno Busiika, msomee mkataba.