Mashine ya pumzi za usiku: pima moyo kwanza, ndipo ufungue pochi

Msomaji mmoja amenitumia picha ya mashine ya CPAP ya mtumba, ile inayomsukumia mtu hewa kwa barakoa akiwa usingizini. Baba yake hukatika pumzi usingizini, na daktari amesema tatizo ni "la kati". Anauliza kama alipie. Ndugu yangu, subiri kwanza.

"La kati" maana yake koo liko wazi. Ubongo ndio unaosahau kuamuru. Mtazame mzee akiwa amelala chali. Mwenye koo lililoziba, kifua na tumbo hushindana, kisha hukurupuka kwa mkoromo. Huyu wa kati kifua kinatulia tuli, sekunde kumi au zaidi. Akiwa na moyo dhaifu, pumzi hukua, hufifia, hukatika, kisha huanza upya. Duru moja huchukua kama dakika nzima.

CPAP husukuma hewa kwa mgandamizo usiobadilika. Inashikilia koo, basi. Wapo inaowasaidia, kwa hiyo madaktari wengi huijaribu kwanza, lakini jaribio la CANPAP la 2005 kwa wenye moyo dhaifu halikuonyesha kuwa inarefusha maisha.

Wauzaji hupenda kusema "chukua BiPAP, ina nguvu zaidi". Hapo ndipo watu wanapoumia. BiPAP husukuma hewa kwa migandamizo miwili, mkubwa mgonjwa akivuta na mdogo akitoa. Ile yenye alama "S" husubiri aanze kuvuta mwenyewe. Ikimpa hewa nyingi, kaboni dioksidi hushuka mwilini, na gesi hiyo ndiyo inayouchokoza ubongo uamuru pumzi. Ikishuka mno, ubongo unazidi kunyamaza. Tafuta "ST": inahesabu muda, na asipovuta inamsukumia yenyewe.

Ya tatu ni ASV, ghali kuliko zote. Huifuata kila pumzi. Ikififia inaongeza msaada, ikikua inaupunguza. Inavutia, lakini jaribio la SERVE-HF la 2015, lenye wagonjwa 1,325, lilikuta vifo vya moyo vimeongezeka kwa wale ambao moyo wao husukuma asilimia 45 au pungufu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Jaribio la ADVENT-HF, lililokuja baadaye kwa mashine ya aina nyingine, halikuona madhara hayo. Uamuzi huo ni wa bingwa mwenye majibu ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) mkononi, wala si wa muuza duka.

Kagua na dawa. Morfini na methadoni, dawa kali za maumivu, huzima amri ya pumzi. Huenda kinachohitajika ni daktari kupunguza dozi. Msiache ghafla.

Mtumba nao una lake: Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa matumizini mashine zake nyingi, modeli ya DreamStation ya kwanza ikiwemo, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inamomonyoka na chembe zake kuweza kuingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa.

Picha yako inaonyesha kioo tu. Igeuze mashine, piga picha lebo ya chini yenye modeli na tarehe, uitume pamoja na majibu ya eko.