Neno la Leo ni Kaa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kisauni aliniandikia. Ameanzisha kundi la kuchora kwenye simu, yeye na wenzake wa kazini. Kila siku mmoja anatoa neno, waliobaki wanalichora na kutuma picha. Walianza watu 40. Wiki ya tatu wamebaki watano, na katika hao watano wawili ni yeye na mumewe. Akaniuliza: "Kaka, lenu lilidumu vipi wakati ule wa korona? Mlikuwa mkifanya nini sisi hatufanyi?"

Nimemjibu mara mbili, na mara zote mbili nikafuta. Kila nikianza kumpa mbinu najikuta nasimulia. Basi nisimulie tu, mbinu atazichuma humo. Na wewe uliye na kundi lako, au unayetamani kuwa nalo, kwani najua wengi mnaonisoma ndiko mliko, chuma nawe.

Mimi ni mchora mabango. Maduka, matatu, kuta za chekechea. Machi 2020 kazi yangu ilikatika kama uzi. Tarehe 16 shule zikafungwa. Ijumaa ya tarehe 27 kafyu ikaanza, saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Tarehe 8 Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Nani anapaka rangi duka lililofungwa? Chini ya kitanda changu kulikuwa na makopo 11 ya rangi, na sikuwa na ukuta hata mmoja.

Binamu yangu anayeishi Marekani ndiye aliyenitia wazo. Watoto wake walikuwa wakichora na Mo Willems, mwandishi wa vitabu vya watoto, ambaye tangu tarehe 16 Machi alikuwa akiwafundisha watoto kuchora kwenye YouTube kwa mpango wa Kennedy Center, kituo cha sanaa cha Washington. Saa 7 mchana kwao ni saa 2 usiku kwetu. Tukawa tunamfungulia mtoto wa dadangu simu baada ya isha, nyumba nzima imemzunguka. Siku ya tatu nikamwona Bibi naye anaomba karatasi. Bibi hajui Kiingereza na alikuwa hajawahi kuchora kitu maishani mwake. Alikuwa anafuata mkono wa yule bwana unavyokwenda, basi.

Nikafungua kundi la WhatsApp la mtaa. Miaka ya nyuma nilikuwa nimejaribu Inktober, ile desturi aliyoianza mchoraji Jake Parker mwaka 2009 ya kuchora kwa wino kila siku ya mwezi wa Oktoba, na ambayo ina orodha yake ya maneno. Nikatafuta orodha za namna hiyo, nikawa natafsiri. "Samaki." Watu wakatuma samaki. "Nyota." Zikaja nyota 24, zote za pembe tano. Mtu anaangalia ya mwenzake anaona ni ileile yake, hana la kusema. Wiki ya pili kundi likanyamaza kimya. Kwa hiyo, dada yangu, hapo ulipo nami nilipita.

Tarehe 6 Mei, siku ya Jumatano, tukiwa ndani ya mfungo, Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba Mji wa Kale wetu wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi zinafungwa kwa siku 15. Aliye ndani yu ndani, aliye nje yu nje. Misikiti ilikuwa imeshafungwa, tarawehe tunaiswali majumbani. Anayeujua Mji wa Kale usiku wa Ramadhani anajua unavyokuwa: kahawa chungu barazani, viazi karai, watoto wanakimbizana mpaka daku. Usiku ule nilipochungulia dirishani barabara yote ilikuwa ya paka.

Nikashika simu nikaandika neno ambalo tulikuwa tukiambiwa kila siku tangu Machi: kaa.

Wa kwanza kujibu alikuwa mtoto wa jirani, wa darasa la tatu. Kaa wa pwani ya Mlango wa Papa, gando moja kaliinua juu kuliko kichwa. Mama mmoja anayeuza mahamri akachora jiko lake na makaa matatu, mawili kayasugua meusi kabisa, moja kaliacha jeupe, na chini kaandika: "Hili ndilo linalowaka." Kijana aliyekuwa bawabu wa hoteli Nyali, hoteli imefungwa na mshahara umekatwa, akachora kiti cha getini, kitupu. Hakuandika kitu.

Bibi alichukua penseli yangu nene ya kazi, akapiga mstari mrefu mmoja, akaweka duara juu ya mstari na duara jingine chini yake. Nikamuuliza, "Bibi, hii ndiyo kaa?" Akanambia, "Huyu ni mimi. Huyu ni mdogo wangu wa Likoni. Hapa kati ni maji. Yeye akae kwake, na mimi nikae kwangu."

Nikaipiga picha nikaituma na maneno yake. Kufika saa 5 usiku picha zilikuwa 29 na simu haishikiki. Watu wanabishana kaa gani ndiye kaa hasa. Mzee mmoja anauliza mbona hakuna aliyechora kaakaa la mdomoni. Yule bawabu anaulizwa na mama wa mahamri kama amefuturu, na asubuhi yake mahamri yakafika mlangoni kwake. Walikuwa wamekaa nyumba ya tatu kutoka kwa mwenzake miaka sita na hawajawahi kusalimiana zaidi ya salamu ya njia.

Tangu usiku ule sikutafsiri neno tena. Kiswahili kimetupa hazina ya maneno ya namna hii, nasi tunaipita. Nilitoa "paa": mmoja akatuma bati la kwao linalovuja, mwingine mnyama wa porini, mwingine ndege ikiruka uwanja wa Moi wakati ndege za abiria zimesimamishwa, na mama mmoja akachora mkono wake unapaa samaki, magamba yametapakaa mpaka ukingoni mwa karatasi. Nilitoa "mbuzi", nusu wakachora mnyama, nusu ya kukunia nazi. Ukitoa neno lenye mlango mmoja, watu wote watapanga foleni hapohapo. Toa neno lenye milango mitatu. Hiyo ndiyo mbinu yangu kubwa, nami sikuiokota popote, niliitoa kwenye shida.

Ya pili ni saa. Neno lilitoka baada ya alasiri kila siku na sikuchelewa hata siku moja, hata siku niliyokuwa na homa na nyumba nzima ikaniogopa. Siku hazikuwa na umbo wakati ule. Watu walihitaji kitu cha kuwaambia kuwa leo si jana. Tulifika watu 114, Lamu wamo, na jamaa zetu wa Muscat wamo, wanachora usiku wao. Najivunia hilo na sitaficha.

Nikupe na jambo la wale wanaosema "mimi sijui kuchora". Shangazi yangu alilisema kwa wiki nzima. Anasoma, anacheka, hatumi. Siku moja nikamwambia, shangazi, maharusi wangapi wa Kibokoni wameingia ukumbini na mikono uliyoichora wewe? Akanyamaza. Neno la siku ile lilikuwa "ua". Karatasi nyumbani kwake hakuna, akachanganya hina, akamchora binti yake kiganjani maua yanayopanda mpaka kifundoni, akatuma picha ya mkono. Ameshika hina zaidi ya miaka 30 na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kuwa ule ni uchoraji. Katika kundi lako wamo watu kama yeye: mshona kofia, msuka mkeka, anayepanga matunda mezani Marikiti. Waulize mikono yao imezoea nini kabla hujawapa penseli.

Neno hilohilo la "ua" ndilo lililonifanya nikosee, na kosa hili bado linaniuma.

Kijana mmoja siku ile alichora kile kidude cha korona na miiba yake, akakiwekea bua na majani, akaandika "hili ua linaua". Kundi lilishikwa na kigugumizi. Halafu jirani yetu fundi, mzee wa kuchonga milango, akatuma picha yake ya kwanza kabisa. Alichora ua wa nyumba aliyozaliwa. Kisima katikati, kuta nne zimelala chali pande zote nne, mpapai nao umelala ubavu, mlango umelala kifudifudi na mfaa wake na miimo yake, nakshi zote zimehesabika. Mimi, mchora mabango, niliyejiona mwalimu wa watu 114, nikaichukua ile picha nikaichora mistari myekundu juu yake kuonyesha kuta zinavyotakiwa kusimama na kukutana kwa mbali. Nikairudisha kundini mbele ya watu. Nikaandika: "Vizuri mzee, ila angalia hapa."

Hakujibu. Kesho yake hakutuma, wala keshokutwa.

Ilinichukua siku nyingi kuelewa nilichokiona. Mzee alichora kama fundi anavyochora: kila ukuta kaulaza ili upimike, kila kitu kwa kipimo chake cha kweli. Kwa karatasi ile ungeweza kuijenga nyumba ile upya. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kuisoma.

Kufungwa kuliongezwa mpaka mwanzo wa Juni, hata Idi ikatukuta ndani. Neno la siku ya Idi lilikuwa "mkono", na sina maneno ya kueleza zilizoingia siku ile. Za mzee hazikuwemo. Tarehe 7 Juni tulipofunguliwa nilikwenda barazani kwake kabla sijakwenda popote. Nikamwomba radhi. Akanambia, "Mwanangu, nimechonga milango miaka arubaini, hakuna aliyenitilia wekundu." Akanisamehe, akaniagizia kahawa, tukazungumza mpaka adhuhuri. Lakini picha hakutuma tena, mpaka kundi likaisha.

Ndugu zangu, naomba mnisikilize hapa. Tunapenda sana kusahihisha. Tukijua kitu kidogo tunataka kila mtu ajue kuwa tunakijua. Mtu mzima anapotoa picha yake mbele ya watu, amevua kofia. Huwezi kumtazama kichwani ukamwambia ana mvi. Muulize: huyu nani, hapa wapi, mti huu mliupanda lini? Ukikosa swali, nyamaza na ushukuru. Kama unataka kufundisha ufundi, fungua darasa, waje wanaotaka kufundishwa. Kundi la neno la siku ni baraza. Barazani mtu hasahihishwi anavyokaa.

Na usimpe mtu yeyote picha za watu bila kuwauliza wenyewe. Hili nalo nalisema kwa uchungu. Mwaka 2021 walikuja watu wa shirika moja, wakanisifu, wakaomba picha "kwa ajili ya kumbukumbu". Nikawapa 140 mchana uleule, nimefurahi kama mtoto. Baadaye tukaziona kwenye kalenda yao, zimechapwa vizuri, chini yake imeandikwa "wasanii wa jamii", jina la mtu hata mmoja hakuna. Mstari wa Bibi na duara zake mbili waliuacha. Nilipouliza nikaambiwa walichagua zenye ubora. Mkono wa binti ya shangazi ulikuwa mwezi wa Agosti. Shangazi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umewapa wewe?" Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo uliza. Uliza kila mtu, kila picha, hata kama unaona ni kitu kidogo, hata kama unamwita shangazi. Heshima ya picha ni ya aliyeichora. Nimelisema mara mbili na nitalisema mara ya tatu mtu akiniuliza.

Sasa nirudi kwako, dada yangu wa Kisauni. Uliniambia maneno yenu mnayatoa kwenye orodha ya intaneti, na picha nzuri ya siku mnaipa nyota. Ziondoe nyota. Orodha nayo itupe. Uliniambia pia mumeo ndiye anayetuma wa kwanza kila siku. Mwambie angoje, atangulie mwingine, hata kama itapita saa nzima na hakuna aliyetuma. Kesho baada ya alasiri andika "panda". Usieleze panda ipi. Atakayechora njia, atakayechora mti, atakayechora ile ya kupigia ndege, mwache, na akitokea mtu ambaye hajawahi kutuma, muulize ni wapi hapo.