Kugawa kwa sifuri: kwa nini huku inaanguka, kule inapita

Umeuliza kwa nini programu ileile inauawa na SIGFPE (ishara ya kosa la hesabu) kwenye vichakataji vya x86 lakini kwenye vya ARM64 inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Ni kwa sababu mtego wenyewe (kichakataji kusimamisha programu na kuripoti kosa) haupo kila mahali. Kwenye x86, DIV (amri ya kugawa) hurusha kosa namba 0, kisha Linux inaligeuza kuwa SIGFPE. ARM64 inakupa 0 tu, RISC-V inakupa biti zote 1, na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) haipati habari yoyote.

MIPS ndiyo kituko: kichakataji hakilalamiki, ila asembla ya GNU (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine) ikikuta div ya kawaida huchomeka yenyewe teq au break (amri za kuita mtego) yenye namba 7, na kerneli inajua 7 maana yake ni kugawa kwa sifuri.

Ukitaka tabia moja kote, kagua kigawanyo mwenyewe kabla ya kugawa. Kagua pia namba hasi ndogo kuliko zote ikigawanywa kwa -1. X86 inaanguka hapo kwa kosa lilelile ingawa sifuri haipo. Na usishike SIGFPE halafu ukarudi tu kwenye programu: anwani ya kurudia iliyohifadhiwa ni ya DIV ileile, utazunguka hapo bila mwisho.