Bekari imeyumba: nipunguze wafanyakazi?

SWALI: Nina bekari Ngamiani, Tanga, yenye wafanyakazi 9. Ngano imepanda bei, mauzo yameshuka na maduka yananizungusha kulipa. Vijana wananong'ona kwamba nafunga. Niachishe watatu sasa hivi au ningoje?
Mwenye bekari, Ngamiani

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Usimwachishe mtu kabla hujajua fedha itakukatikia wiki gani. Chora daftarini safu 13, kila wiki safu yake. Anza na taslimu uliyo nayo leo, benki na kwenye simu. Ongeza fedha itakayoingia kweli, kisha toa ngano, kuni, mishahara, kodi ya pango na marejesho ya mkopo. Mkate uliotoa mali kauli leo, ukalipwa baada ya wiki 3, uandike kwenye wiki ya malipo. Wengi hukosea hapo: daftari linasema faida, droo haina hela ya ngano. Kinachobaki ndicho salio, nalo hufungua wiki inayofuata. Wiki ambayo salio linazama chini ya sifuri ndiyo mwisho wa muda ulio nao. Rudia hesabu kila Jumamosi.

Halafu simama kwenye meza ya kukatia donge, na mzani. Mfuko wa kilo 50, ukishatiwa maji, sukari, mafuta na hamira, hutoa donge la kilo 85 hivi. Mkate wa gramu 400 unahitaji donge la gramu 455, kwa kuwa tanuri hukausha sehemu ya maji. Kwa kipimo hicho unapata mikate 186. Mkono ukizoea kukata 490 kwa kukisia, inatoka 173. Mikate 13 imepotea kwa kila mfuko, na hakuna aliyeiba. Usivuke upande wa pili ukampunja mteja uzito kimyakimya, atagundua.

Duka lenye deni la zaidi ya siku 7 lichukue kwa taslimu tu, deni la zamani lilipwe kidogo kidogo. Baadhi watakukimbia. Waache.

Vijana waite wiki hii hii. Waonyeshe hesabu, waambie umeanza kupunguza posho yako mwenyewe, na taja tarehe utakayotoa uamuzi kuhusu ajira. Usiape kwamba hatatoka mtu. Ukinyamaza, fundi wako bora ndiye atakayetangulia kuondoka, kwa sababu ndiye anayepata kazi kwingine haraka. Waulize pia hasara iko wapi: anayechochea tanuri anajua ni kuni ngapi zinaungua donge likiwa bado halijaumuka.

Kuachisha kazi nako kuna gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka utoe taarifa ya kusudio, ueleze sababu na ushauriane nao kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake. Aliyetimiza miezi 12 hupata kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Mwenye miaka 5 ni siku 35, mbali na notisi na likizo asiyochukua. Ziingize kwenye safu zako uone. Huenda kuondoa watatu kukamaliza fedha mapema zaidi. Kukubaliana kwa maandishi kupunguza zamu kwa miezi 2 mara nyingi ni nafuu. Ukiruka hatua za sheria, shauri linaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Na kama makadirio yako ya kodi ya mapato kwa TRA, mamlaka ya mapato, yalifanywa mauzo yakiwa mazuri, peleka makadirio mapya kabla ya awamu ijayo ya kulipa.