Maswali yenu ya hesabu za usaili: kabla ya kukokotoa, tafuta kisichobadilika

Maswali mliyonitumia safari hii yametoka Mtwara na Lindi, karibu yote ya vijana wanaojiandaa na usaili wa kuandika, ule wa mchujo unaotangulia mahojiano. Nimeyafupisha, lakini namba nimeziacha kama mlivyozileta.

Shikamoo Mwalimu. Swali lilisema korosho kilo 900 zina unyevu wa asilimia 20. Zikianikwa mpaka unyevu ukawa asilimia 10, zitabaki kilo ngapi? Nilijibu 810, majibu yanasema 800. Kwetu tunaanika korosho kila msimu na bado sielewi. (Tandahimba)

Marahaba. Umechukua asilimia 10 ya 900, ukapata 90, ukaitoa. Lakini maji yalipopungua, uzito wote nao ulipungua. Ile asilimia 10 ya mwisho si ya 900 tena. Ni ya uzito mpya, ambao ndio unaoutafuta.

Kwa hiyo usianze na kinachobadilika. Jiulize: jua halikuchukua nini? Halikuchukua korosho yenyewe, ile sehemu kavu. Mwanzoni maji ni kilo 180 na sehemu kavu ni kilo 720. Baada ya kuanika, sehemu kavu bado ni 720, ila sasa ndiyo asilimia 90 ya uzito wote. Gawa 720 kwa 0.9, unapata 800.

Sasa lirudishe jibu lako la 810 ndani ya swali. Toa 720, yanabaki maji kilo 90, na 90 katika 810 ni zaidi ya asilimia 11. Bado hazijakauka vya kutosha! Kuhakiki namna hii huchukua sekunde chache tu, na nakusihi ukufanye kuwa desturi.

Ukitaka kujipima, jaribu hili: tikiti la kilo 10 lina maji asilimia 90. Likinyauka mpaka maji yakawa asilimia 80, litakuwa na kilo ngapi? Wengi hukimbilia 9. Jibu ni kilo 5, kwa sababu sehemu kavu ni kilo 1 ileile, na sasa kilo hiyo 1 ni asilimia 20 ya tikiti zima. Kaa nalo mpaka likuingie. Ukilielewa hili, umeelewa nusu ya maswali yote ya asilimia.

Gari lilikwenda Masasi kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, likarudi Mtwara kwa njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa kasi si 50? (Mtwara Mjini)

Si 50, dada. Ni 48. Najua barabara hiyo ina kama kilomita 200, lakini swali halikutaja umbali, na hiyo ni ruhusa ya kujichagulia namba nyepesi. Chagua inayogawanyika kwa 60 na kwa 40, tuseme 120. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3. Jumla kilomita 240 kwa saa 5, yaani 48.

Umbali wa kwenda na kurudi ni uleule, ila muda si uleule: gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, ndiyo maana wastani ukavutwa chini. Kama swali lingesema gari lilikwenda saa mbili kwa 60 na saa mbili kwa 40, 50 yako ingekuwa sahihi. Soma kwa makini ni kipi kilicho sawa, umbali au muda.

Bei ikipanda asilimia 20 kisha ikashuka asilimia 20, si inarudi palepale? (Lindi)

Hairudi. Anza na shilingi 1,000: inapanda kuwa 1,200, kisha inashuka kwa asilimia 20 ya 1,200, ambayo ni 240. Inabaki 960. Maswali ya bei yasiyotaja bei yaanze daima na 100 au 1,000.

Mwalimu, mimi nina shahada ya masomo ya sanaa. Hisabati ya kidato cha nne nilipata F, na tangu siku hiyo nikiona namba moyo unakwenda mbio. Nimeshaitwa kwenye usaili. Je, nikate tamaa na sehemu ya hesabu? (Nachingwea)

Hapana, na nakuomba unisikilize vizuri. Sehemu hii kwa kawaida haikuulizi mambo yaliyokuangusha kidato cha nne. Hutadaiwa trigonometria wala logi. Yanayojirudia ni asilimia, uwiano, wastani, kasi na muda, faida na hasara, sehemu, na kusoma jedwali. Mengi ya hayo ulifundishwa kabla hujamaliza darasa la saba, yaani kabla hujaanza kuliogopa somo lenyewe.

Kwa hiyo usinunue kitabu kinene cha maelfu ya maswali. Azima vitabu vya Hisabati vya darasa la tano, la sita na la saba kwa mdogo wako au jirani. Fanya mada moja kwa siku, kwa kalamu na karatasi, bila simu mkononi. Jibu likikataa, usifunue ukurasa wa majibu papo hapo. Andika kwanza kwa maneno yako swali linauliza nini na limekupa nini. Ninyi wa masomo ya sanaa mna uwezo mkubwa hapa, kwa sababu nusu ya kazi ni kusoma, na kusoma mnakuweza. Nimefundisha watu wa sayansi wanaokokotoa haraka kuliko mimi, wakajibu swali ambalo halikuulizwa.

Moyo kwenda mbio nao hupungua kwa mazoezi ya kujipimia muda kwa saa. Weka dakika 20 na maswali machache, kila siku, mpaka mkono uzoee.

Mama anamaliza kubangua debe la korosho kwa saa 4, binti yake kwa saa 12. Wakibangua pamoja watamaliza kwa saa ngapi? Nimepata 8. (Newala)

Mwanangu, mama peke yake anamaliza kwa saa 4. Akisaidiwa atachelewa hadi 8? Binti angekuwa anamwaga korosho chini! Jibu lolote linalozidi 4 lifute kabla hujashika kalamu.

Kazi ni ileile, basi ipe namba. Tuseme ni vibaba 12. Mama anabangua vibaba 3 kwa saa, binti kibaba 1. Pamoja ni 4 kwa saa, kwa hiyo wanamaliza kwa saa 3. Kinachojumlishwa ni kazi ya saa moja. Saa zenyewe hazijumlishwi wala hazitafutiwi wastani.

Nyumbani napata yote, kwenye chumba cha mtihani muda unaniishia. (Masasi)

Maswali 40 kwa dakika 60 maana yake ni dakika moja na nusu kwa kila swali. Likikushika zaidi ya hapo, liwekee alama, songa mbele, utarudi. Usione aibu kuliacha: swali gumu na swali jepesi mara nyingi hubeba alama sawa.

Kisha angalia majibu ya kuchagua kabla ya kukokotoa. Ukiulizwa 412 mara 0.49, na majibu ni 168, 202, 231 na 260, nusu ya 412 ni 206, jibu liko chini yake kidogo, umemaliza. Jua pia kwamba asilimia 16 ya 25 ni sawa na asilimia 25 ya 16, yaani 4. Geuza upande ulio mwepesi.

Nisipojua jibu, nibahatishe? (Kilwa Masoko)

Soma maelekezo ya juu ya karatasi. Kama kosa halikatwi alama, usiache hata swali moja wazi. Kama linakatwa, piga hesabu: kwenye majibu manne, ukibahatisha kabisa unapata moja katika kila manne. Kosa likikatwa theluthi ya alama, makosa matatu yanafuta hiyo moja uliyopata, hufaidiki wala huhasiriki. Lakini ukishafuta jibu moja lisilowezekana, kama lile la saa 8 hapo juu, bahatisha bila woga, kwa sababu mizani imeelemea upande wako.

Basi limetoka saa 5:40 asubuhi, limefika saa 8:15 mchana. Nimetoa nikapata 2.75. (Kilwa Masoko, huyohuyo)

Saa ina dakika 60, si 100. Toka 5:40 hadi 6:00 ni dakika 20, hadi 8:00 ni saa 2, kisha dakika 15: jumla saa 2 na dakika 35. Karatasi ikiandika 11:40 na 14:15, tofauti ni ileile. Hatari ni kuchanganya, muda mmoja ukauandika kwa saa za Kiswahili na mwingine kwa mtindo wa saa 24.