Barabara isiyo na lori

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Kuna faida gani kuingia kwenye mashindano ambayo unajua kabisa huwezi kushinda?" Mume wangu aliniuliza hilohilo mwaka 2016, siku nilipotoa akiba yangu kulipia nafasi kwenye mbio za baiskeli za Cape Town. Wakati ule sikuwa na jibu la kumpa. Sasa ninalo, ila ni refu, naomba mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Sahare. Wanaoijua Tanga wanajua kwamba kwetu baiskeli ni miguu ya mtu. Mama anaendea sokoni, mwalimu anaendea shule, mtoto wa madrasa anapakiwa kwenye keria na kaka yake, na hakuna anayegeuza shingo kumtazama mwanamke aliyejifunga khanga akipiga pedeli. Nilijifunzia baiskeli ya mjomba, kubwa ya kiume, mguu nikiupenyeza chini ya bomba la juu kwa sababu kwenye tandiko sikufika.

Mjomba alikuwa fundi ujenzi. Kila alfajiri alipanda baiskeli yake kwenda Pongwe kibaruani, na jioni akarudi na mkate. Nilipokuwa darasa la sita lori lilimbana ukingoni mwa lami, likamkwangua bega, akaenda na baiskeli yake mpaka mtaroni. Paja lilivunjika. Dereva hakusimama. Mguu ulipopona ulikuwa umepungua urefu, na hadi leo mjomba akitembea unamsikia kabla hujamwona. Tangu siku hiyo mama akatupigia marufuku barabara kuu. Mitaani, sawa. Ukivuka kwenda barabara ya malori, usirudi nyumbani kwake.

Nimeanza na hayo kwa sababu bila hayo jibu langu halitaeleweka.

Nilihamia Cape Town mwaka 2012 kumfuata mume wangu. Tunakaa Salt River, nashona nguo. Machi 2016 nilisikia kelele za watu upande wa barabara kuu inayopita karibu na hospitali ya Groote Schuur, nikaenda kuona. Ile ni barabara ambayo siku za kawaida huwezi hata kuivuka kwa miguu, njia tatu tatu kila upande, magari yanapita kama risasi. Asubuhi ile haikuwa na gari hata moja. Zilikuwa baiskeli tu, maelfu, na mlio wake haufanani na kitu kingine: cheni na matairi kwa pamoja, kama mvua inayokuja juu ya makuti. Walipita vijana waliochongoka kama samaki, baadaye wakaja wazee, wanawake wanene, baba na binti kwenye baiskeli moja ya watu wawili. Nikasimama pale saa nzima. Nilikuwa namfikiria mjomba.

Baadaye nikauliza mbio hizi zimetoka wapi, na nilichoambiwa ndicho kilichonifanya nitoe akiba. Hazikuanzishwa ili kumpata bingwa. Mwaka 1978 watu wawili wa mji huu, Bill Mylrea na John Stegmann, waliwakusanya waendesha baiskeli mia kadhaa wakaendesha pamoja kudai mji uwatengee njia zao. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, yakafanyika mashindano ya kwanza, washiriki 525. Leo wanajiandikisha makumi ya maelfu ya watu, na kila mmoja anapimiwa muda wake peke yake kwa chipu, kifaa kidogo cha kielektroniki anachokwenda nacho. Wenyeji wengi bado wanaziita "Argus", kwa jina la gazeti lililozidhamini kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, watu walidai njia, wakajipatia asubuhi moja kwa mwaka ambayo kilomita 109 za barabara zinafungwa kwa ajili yao. Njia zenyewe hazijatosha hata sasa. Lakini asubuhi ile moja wameishikilia zaidi ya miaka 40, na mimi naiona ni kubwa.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Machi 2017, na sikuendesha hata kilomita tano. Mtoto wa mvuvi anajua upepo. Kwetu kusi ndilo lililokuwa likipeleka majahazi kaskazini, na baba alikuwa akilisoma kwenye minazi kabla ya kutia ngalawa majini. Upepo wa kusini-mashariki wa Cape Town ni ndugu yake kusi, ila huyu hana adabu. Unamiminika kutoka juu ya Mlima Meza na kuangukia mjini, na asubuhi ile ulipita kasi ya kilomita 100 kwa saa. Kule tulikopangwa kusubiri, katikati ya maghorofa, watu walizikumbatia baiskeli zao kama anayezuia ng'ombe asikimbie. Yangu niliishika kwa tandiko na usukani. Upepo ukaingia chini ya magurudumu, ukainyanyua yote, nikabaki nimeishikilia hewani kama tiara, gurudumu la mbele likizunguka lenyewe. Mwanamume mmoja mbele yangu aliiachia yake. Ikaruka vyuma vya uzio. Makundi ya kwanza yalikuwa yameshaondoka tulipotangaziwa kwamba mbio zimevunjwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi moto ulikuwa umeteketeza maelfu ya vibanda vya watu kule Hout Bay, kwenye njia yetu, na upepo ni uleule. Hakuna aliyekuwa na haki ya kulalamika.

Nikasubiri mwaka mzima. Mwaka huo nilifanya mazoezi kila Jumapili, na hapo ndipo nilipojua tofauti ya barabara iliyofungwa na isiyofungwa. Jumapili za kawaida sikio langu moja lilikuwa nyuma muda wote. Nikisikia injini nzito mabega yanapanda yenyewe, mikono inabana usukani, na kilomita 30 zinanichosha kama 60. Nilidhani ni umri. Kumbe ni woga, na woga unakula nguvu kuliko mlima.

Tarehe 11 Machi 2018 Mungu alijalia upepo mpole. Ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa, kila mtu mjini amewekewa kikomo cha lita 50 za maji kwa siku, na baiskeli niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu tu. Mfukoni mgongoni nilitia tende zilizojazwa karanga na viazi vidogo vya kuchemsha vyenye chumvi. Tunaondoka kwa makundi, dakika chache kati ya kundi na kundi, wenye kasi kwanza; sisi tusio na rekodi tulitoka mwishomwisho, jua limeshapanda. Kikomo ni mwendo wa saa saba. Ukipitiliza, barabara inarudi kwa magari.

Sehemu ya kwanza, hadi Muizenberg, naipita haraka kama nilivyoipita siku ile. Baada ya hapo bahari iko mkono wa kushoto: Kalk Bay na mashua zake za wavuvi, Fish Hoek, Simon's Town. Hapo nilifanya kosa. Nilikuwa na furaha mno, sikula. Mwendesha baiskeli anatakiwa ale kabla njaa haijabisha hodi, kila nusu saa kitu kidogo, maana tumbo linahitaji muda kuigeuza tende kuwa nguvu. Mimi nilikumbuka kula kwenye mlima wa Smitswinkel, mikono imeanza kutetemeka na macho yanaona vidoti. Nikashuka, nikakaa juu ya jiwe. Tende zilikuwa zimeyeyuka na kushikana na kitambaa cha mfuko, nikawa nazibandua na nyuzi zake na kuzila hivyohivyo. Nilikula saba. Nilikaa pale karibu robo saa, watu mamia wakinipita, na karibu wote waliuliza kwa sauti kama niko salama.

Kutoka geti la hifadhi ya Rasi njia inageukia kaskazini, unateremka upande wa Atlantiki hadi Scarborough, na upepo uliokuwa wa mbisho unakuwa wa kukusukuma. Kisha inakuja Chapman's Peak. Hii barabara imechimbwa kwenye ubavu wa jabali, ikamalizika mwaka 1922, kilomita 9 zenye kona 114. Mwamba juu ya kichwa, bahari chini kabisa. Siku za kawaida mwendesha baiskeli hapo anajibana kwenye ukuta mdogo wa mawe, upande wa shimo, magari ya watalii yakimpita sentimita chache. Mimi siku ile niliendesha katikati. Nawaomba mlifikirie neno hilo, katikati. Mstari mweupe ulikuwa ukipita chini ya pedeli zangu, kona moja baada ya nyingine, na kwenye mojawapo niligundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimegeuza kichwa kutazama nyuma. Mabega yalikuwa chini. Nilikuwa na umri wa miaka 36, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa kwenye lami kuu bila woga.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu, na pia kwa mume wangu. Robert Hunter, Mwafrika Kusini wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, alizimaliza mbio hizi mwaka 2008 kwa saa 2 na dakika 27. Hilo ni lake, na namheshimu kwa moyo wote. Lakini barabara aliyofungiwa yeye ndiyo niliyofungiwa mimi, yote, na mimi niliitumia kwa muda mrefu zaidi. Nikiwaza Tanga, sitamani uwanja wala kombe. Natamani Jumapili moja kwa mwaka malori yazuiliwe hadi adhuhuri kutoka mjini hadi Pongwe, na wale wanaoendea kazini kwa baiskeli siku zote, wauza samaki, mafundi, wanafunzi, waiendeshe yote upana wake. Halmashauri yetu inaweza. Gharama yake ni kamba, polisi na nia.

Baada ya Hout Bay kuna Suikerbossie, mlima wa mwisho, kilomita 90 zikiwa tayari miguuni. Si mrefu. Watu wa mtaa ule huchoma nyama kando ya barabara na kupiga ngoma, na moshi unakuingia puani wakati pumzi imekwisha. Nilikuwa naenda polepole kiasi kwamba usukani unayumba, nikasikia kiganja mgongoni. Mzee mmoja, ndevu nyeupe, alikuwa ameniegemezea mkono wake wa kushoto na kuendesha kwa mmoja. Hakunisukuma sana, alinishikilia tu nisirudi nyuma. Nikamwambia aniache asije akachelewa. Akasema hii ni mara yake ya 26 na haendi popote. Tulipofika juu aliondoa mkono, akateremka kuelekea Camps Bay bila kugeuka, na jina lake silijui.

Nilimaliza Green Point kwa saa 6 na dakika 11. Nikaweka baiskeli kwenye nyasi, nikampigia mama. Swali lake la kwanza lilikuwa lenu.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Sijui, mama. Elfu ishirini na ngapi huko. Nimefika."

"Na magari?"

"Hakukuwa na magari."

"Njia yote?"

"Njia yote, mama. Kilomita mia na tisa."

"Hata lori?"

"Hata lori moja."

Akanyamaza. Nikasikia sufuria inafunikwa, kisha mlio wa mguu wa mjomba ukumbini.

"Ngoja nimpe simu mjomba wako," akasema. "Mwambie mwenyewe, mimi ataniona mwongo."