Anza na anachokunywa mtoto

Mzazi akiambiwa mtoto wake ini limeanza kujaa mafuta, au uzito umempita umri, swali la kwanza huwa ni dawa gani apewe. Mimi huuliza kwanza anakunywa nini.

Mtoto akichomwa na mwiba, mguu unavimba, unapata moto, unauma, kisha unapona. Hiyo ni inflamesheni, na hapo inamlinda. Inayodhuru ni ile isiyozimika, isiyo na homa wala maumivu, inayoendelea kwa miaka. Kwa mtoto mwenye uzito mkubwa, chanzo kimojawapo ni mafuta yanayojikusanya tumboni kuzunguka viungo: seli za mafuta zikijaa kupita kiasi hutoa kemikali zinazoiamsha kinga bila adui wa kupigana naye. Polepole insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye seli, inashindwa kazi yake. Ndiyo maana kisukari cha aina ya pili, tulichokijua kama ugonjwa wa watu wazima, siku hizi kinawapata hata vijana wadogo.

Nyumbani kwetu sikumhubiria binti yangu kuhusu sukari ya vinywaji. Nilimpa chupa ya soda ya mililita 350, kijiko cha chai, sukari na sahani, tukasoma lebo pamoja: gramu 10 na ushee kwa kila mililita 100. Akachota huku akihesabu mpaka vijiko tisa. Akakitazama kile kilima, halafu akauliza kama juisi ya boksi nayo iko hivyo. Tukaisoma na hiyo.

Shirika la Moyo la Marekani lilishauri mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asipate zaidi ya gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na aliye chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Chupa moja tu imeshapita hapo. Kwetu sasa soda ni ya harusi na sikukuu, na chungwa linaliwa, halikamuliwi.

Baada ya vinywaji, ugali. Bakteria wa utumbo mpana hula nyuzinyuzi na kutengeneza asidi, mojawapo butireti, zinazolisha ukuta wa utumbo na kuituliza kinga. Sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe pee imepoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo, dona bado inazo. Kama watoto hawajaizoea, changanya nusu kwa nusu kwanza. Ila mahindi na karanga zichambuliwe vizuri, zenye ukungu zitupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Maharage, kunde, choroko, mbaazi za nazi, matembele, dagaa wenye omega-3 yao, yale mafuta mazuri ya samaki: vyote viko sokoni. Inaniuma kuona mzazi anaona aibu kumfungia mtoto mihogo ya kuchemsha, lakini haoni shida akibeba paketi ya krispi.

Hela ya kula shuleni ndiyo ngumu zaidi, maana hapo haupo. Sisi wazazi kadhaa tulikwenda kwa mama anayeuza getini. Hatukumwambia aache biashara yake, tulimwahidi wateja. Akaanza kuleta ndizi mbivu, mahindi ya kuchemsha na machungwa yaliyomenywa, na watoto wananunua. Zungumzeni naye kwa heshima, naye ana watoto wa kulisha.

Usikimbilie kumpima mtoto CRP, kipimo cha damu cha protini inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni. Malaria au mafua tu hukipandisha kipimo hicho, kwa hiyo mwachie daktari aamue. Na zile poda za kusafisha mwili zinazouzwa mitandaoni, mtoto wangu hazionji.

Kitu kimoja kiangalie leo ukimwogesha: shingo kwa nyuma, na kwapani. Ngozi ikiwa nyeusi, nene, laini kama mahameli, mara nyingi ni dalili kwamba insulini inaelemewa. Wazazi wengi wanadhani ni uchafu, wanamsugua mtoto kwa dodoki mpaka analia. Haitoki kwa sabuni. Mpeleke kituo cha afya apimwe sukari na uzito. Na akiwa na kiu isiyokatika, anakojoa kila mara na anakonda, mpeleke siku hiyohiyo.